Poti la Fiifi

Mvua ilikuwa imeanza kabla ya jogoo kuwika, na Aba alikuwa amepiga magoti chumbani anafuta nyayo za watoto wake mwenyewe.

"Mama, hebu tazama chini ya kitanda. Nimeona kiatu."

Nana Araba akainama, akapapasa, akatoa kiatu cha Ewurama, ganda la ndizi, na kichwa cha mwanasesere ambaye kiwiliwili chake hakijaonekana tangu wahamie Kumasi. Vyote akavitumbukiza kwenye mfuko wa shangazi kaja uliokuwa mlangoni. Humo tayari mlikuwa na ndoo ndogo ya kuogeshea watoto, dodoki, kipande cha sabuni na taulo.

"Na poti," alisema Aba.

"Poti nalo? Haliwezi kuwa langu?"

"Mama!"

"Umri wa kuwa na poti ninao."

"La manjano? Lenye picha ya bata?"

Nana Araba akalitazama lile poti, akamtazama yule bata, akaona kweli halina utetezi. Likaingia mfukoni juu ya vingine.

Mwenye nyumba alikuwa anakuja. Maame Konadu alikuwa ametuma salamu kwamba Jumamosi ana shughuli upande huo, basi atapita kukiangalia chumba chake. Alipompangisha Aba aliuliza swali moja tu, una watoto? Aba alikuwa ameuzunguka mji mzima akijibu ninao, na kila mlango ukimfungia. Pale akajibu sina, niko na mama yangu tu. Kodi ya miaka miwili akaitoa mkononi, jasho la mumewe anayeendesha malori ya kaskazini pamoja na bei ya cherehani aliyoiuza. Mpangaji aliyetangulia alikuwa na watoto waliochora mbuzi ukutani kutoka mlangoni hadi jikoni, na Maame Konadu alipopaka rangi upya aliapa kwamba nyumba yake haitaingia mtoto tena.

"Ebo," aliita Aba. Mwanawe mkubwa akasimama wima, mikono ubavuni kama yuko gwaride. "Mtu akiwauliza?"

"Sisi sio watoto wa Aba. Hatukai kwake."

"Na mkiniona mimi njiani?"

"Za leo, anti."

"Vizuri."

Ewurama, ambaye meno yake ya mbele yalikuwa ndiyo kwanza yameng'oka, akashika nguo ya mama yake. "Mama, mimi sasa mtoto wa nani?"

Aba akageukia dirishani kana kwamba kuna kitu cha kufuta kwenye kioo. Nana Araba ndiye aliyejibu.

"Leo wewe wangu. Kesho tutaona. Njoo nikufunge kilemba."

Nguo nazo zilikuwa taabu. Mvua ya wiki nzima haikuacha kitu kikauke, na kitenge pekee kilichokuwa kikavu ni kile cha Nana Araba cha msiba, cheusi chenye maua mekundu, alichokuja nacho kutoka Saltpond kwa sababu mtu mzima hasafiri bila nguo ya msiba. Akajifunga hicho. Kipande chake kilichobaki akamfungia Ewurama kichwani. Ebo alikuwa na fulana nyeusi. Fiifi akawekwa mgongoni na kufunikwa kwa kanga nyekundu iliyochujuka.

"Twende wapi sasa?" aliuliza Nana Araba.

"Popote, mama. Mji mkubwa huu."

"Mkubwa, ila una wenyewe."

"Msirudi kabla ya jioni. Huyu akija hukaa." Aba akampa mwavuli wenye mbavu moja iliyovunjika, akafunga mlango. Kisha akaufungua tena, akambusu Fiifi kisogoni, akaufunga.

* * *

Kule Saltpond, mvua ikikukuta njiani unaingia mlango wowote, unakaa, na kabla hujajifuta uso umeshaletewa kitu cha kutafuna. Kumasi kila kibaraza kilikuwa na mtu wa kukuuliza unamtafuta nani. Nana Araba alipita vibaraza kadhaa akiulizwa hivyo, akachoka kusema simtafuti mtu, mpaka akafika kwenye duka la makochi ambalo mlango wake ulikuwa wazi na mwuzaji wake amevaa tai.

"Karibu mama, karibu sana! Kaeni, kaeni, jaribuni."

Wakakaa. Kochi lilikuwa bado na nailoni yake, na kila mtoto alipojisogeza lililia kama bata aliyekanyagwa. Watoto wakajisogeza sana.

"Hili ni ngozi tupu, mama. Unamnunulia nani?"

"Kwanza nalisikiliza," alisema Nana Araba. Hakutaka kusema uongo wala hakutaka kuinuka. "Hebu niambie, hili linavumilia mvua?"

"Kochi linakaa ndani, mama."

"Hata ndani mvua huingia."

"Basi… linavumilia kiasi."

"Na lile pale?"

Yule kijana akaeleza habari za lile pale. Nana Araba akauliza habari za lile la pembeni, na la nyuma yake, na kama miguu yake hung'oka, na likikaliwa na mtu mnene inakuwaje, na fundi wake anasali wapi. Kijana akalegeza tai. Mvua nje ilizidi. Mambo yangekwenda hivyo hadi jioni, lakini sauti ndogo ikatoka mgongoni.

"Nana. Poti."

Fiifi alikuwa anafundishwa wakati huo, na mtoto anayefundishwa akisema poti hacheleweshwi. Nana Araba akamshusha, akatoa poti la manjano mfukoni, akaliweka katikati ya makochi mawili.

"Mama! Mama, hapa ni dukani!"

"Naona."

"Siyo chooni!"

"Ulitaka akae wapi, mwanangu? Kwenye ngozi tupu?"

Kijana akaita ndani, na ndani akatoka mtu mwenye kitambi na funguo nyingi, asiyeuliza lolote ila kunyoosha kidole mlangoni. Fiifi, suruali ikiwa magotini, akawatazama watu wote waliomsimamia, akatikisa kichwa.

"Imerudi," alisema.

* * *

Wakazunguka. Kila barabara ilifanana na ile waliyotoka: mfereji uliofurika, mabati, bango la mchungaji. Wakafika kwenye kanisa lenye taa na vinanda, na Nana Araba akashukuru Mungu kwa kuweka nyumba yake njiani.

Mlangoni palikuwa na dada mwenye glavu nyeupe.

"Upande wa bwana au wa bibi?"

"Upande wenye nafasi," alisema Nana Araba.

Dada akacheka, akaanza kuwaongoza. Hapo ndipo macho yake yaliposhuka kutoka usoni mwa Nana hadi kwenye kitenge. Kicheko kikakatika.

"Mama. Umevaa nini?"

"Nguo kavu."

"Nyeusi na nyekundu? Kwenye harusi ya watu?"

Mama mmoja kwenye viti vya mbele akageuka, na bila shaka alikuwa mama wa bibi harusi, kwa jinsi alivyoshika kifua. Alimwona kikongwe wa msiba amesimama mlangoni, maji yakimchuruzika, nyuma yake watoto wenye nguo za matanga, kama habari mbaya iliyotumwa kwa miguu. Akatoa mlio mdogo. Watu wakageuka mstari baada ya mstari.

"Tukae hata nyuma kabisa," alinong'ona Nana Araba. "Watoto wamelowa."

"Hata nyuma, mama. Hata nyuma ya nyuma. Tafadhali."

Wakatolewa kwa adabu. Ebo alipewa kipande cha keki kilichofungwa kwenye karatasi, asirudi kuomba. Wakakigawana chini ya mwavuli uliovunjika, na maji ya mwavuli yakakigawana nao.

"Nana," alisema Ewurama, "kwa nini wamelia wakati sisi hatujafa?"

"Nguo yangu imekosea mlango."

"Nana," alisema Fiifi mgongoni. "Poti."

"Hapa njiani?"

Fiifi akauchungulia mfereji. "Imerudi tena."

* * *

Mlango ambao nguo ile haikukosea haukuwa mbali. Walisikia kwanza tarumbeta, kisha wakaona turubai refu lililofunga barabara nzima, na chini yake safu za viti vya plastiki, na kwenye viti watu wote wamevaa nyeusi na nyekundu. Msiba wa Jumamosi, tena wa kishindo. Nana Araba alisimama ng'ambo. Alitaka tu kusimama ukingoni mwa turubai, mahali pa mtu ambaye hahusiki.

Msichana mmoja akawakimbilia na mwavuli mkubwa kama kibanda.

"Jamani, wamelowa! Karibuni, poleni na safari! Mizigo leteni huku, mgeni wa msiba habebi mzigo." Mfuko ukatoka mkononi mwa Nana Araba kabla hajafumba vidole.

"Mwanangu, sisi tulikuwa tu…"

"Loo, na lafudhi ya pwani! Wametoka pwani hawa! Kwenye mvua hii!"

Neno likapita safu hadi safu: wa pwani wamefika. Basi hapo hapakuwa na namna. Anayeingia msibani huwapa mkono waliokaa, wote, kuanzia kulia. Nana Araba akaanza. Ebo nyuma yake akawapa mkono wazee mmoja mmoja kwa uso wa mtu mzima, akisema "pole, pole, pole," na Ewurama nyuma ya Ebo, na Fiifi mgongoni akinyoosha mkono wake wa keki. Akina mama wakafuta machozi. Watoto wenye adabu kama hao, walisema, hawazaliwi tena mjini.

Wakakalishwa mbele. Maji yakaletwa, wakanywa wote. Fiifi alikunywa bilauri nzima, akaomba nyingine, akapewa.

Mkuu wa ukoo aliitwa Opanin Wiafe, mzee mkavu mwenye macho ya kuchekacheka. Lakini mkuu hamsemeshi mgeni mwenyewe. Kando yake alisimama msemaji wa ukoo, Okyeame Baffoe, na fimbo yake ndefu. Maneno ya mkuu hupitia kwake kwenda kwa mgeni, na ya mgeni hupitia kwake kwenda kwa mkuu, naye kazi yake ni kuyavalisha vizuri yasije yakaingia masikioni mwa watu yakiwa uchi. Nana Araba aliijua kazi hiyo, hata kwao ipo. Alijua pia kwamba mtu aliyekwisha kunywa maji ya wenyeji huulizwa kilichomleta, naye hasemi uongo.

"Waulize kama wanakotoka ni salama," alisema Opanin Wiafe, "na safari yao ni ya nini."

Okyeame akauliza, kwa urefu.

"Mwambie ni salama," alijibu Nana Araba. "Hatuna baya. Mvua imetufukuza, tukaona turubai, tukaja kujikinga."

Okyeame Baffoe akafumba macho kidogo kama mtu anayeonja mchuzi.

"Opanin, na ninyi nyote mnaosikia! Bibi huyu anasema: mbingu zenyewe zimelia. Zimelia mpaka zikafika pwani, zikamshika mkono, zikamwambia, Nana Kofi Ampofo ameondoka, nawe umelala? Akawachukua wajukuu, wadogo kama walivyo. Anasema marehemu alikuwa kivuli chake na turubai lake, na leo anauliza, nitajikinga wapi tena?"

"Eeee!" waliitikia watu. Tarumbeta ikapigwa.

"Mimi sijasema hivyo," alisema Nana Araba.

"Anaongeza kwamba maneno hayatoshi."

"Eeee!"

Wakati huo wasichana walikuwa wameufungua mfuko. Mbele ya watu palikuwa na meza ya vitu vya kumsindikiza marehemu, vile vinavyoletwa na jamaa ili akaoge na kujipamba huko aendako, vingine huingia naye kaburini: vitenge vipya, mkeka, manukato, taulo. Na mfuko wa Nana Araba ulikuwa na nini? Ndoo ya kuogea. Dodoki. Sabuni. Taulo. Wasichana wakavipanga mezani kwa heshima, bila shaka yoyote, kwani ndivyo hasa vinavyoletwa. Mwisho mmoja wao akatoa poti. Akaligeuza upande huu, akaligeuza ule, akamtazama yule bata. Kisha, kwa kuwa wote wanatazama, akaliweka katikati.

Mtu wa kipaza sauti akatangaza: "Kutoka pwani! Ndoo ya kuogea! Dodoki! Sabuni! Taulo! Na… na…" Mvua ikasikika peke yake juu ya turubai. "Na kiti cha manjano!"

Nana Araba akainuka. "Okyeame, nisikilize. Hivyo vitu ni vya watoto."

"Anasema," alinguruma Okyeame, "hata watoto wamechanga!"

Akina mama wakaangua kilio. Nana Araba akakaa.

* * *

Wafiwa wa karibu wakatoka ndani ya nyumba, alikolazwa marehemu akisubiri mvua ipungue. Mbele yao alikuja mama mnene mwenye kitambaa chekundu kipajini, ameegemezwa huku na huku. Nana Araba alimwona uso, akamtambua.

Alikuwa Maame Konadu.

Nana Araba akajishusha kitini, akavuta kilemba mbele. Lakini mtu aliyekaa mbele ya msiba, katikati ya watoto, hana pa kujificha.

"Mama Aba?" Maame Konadu akawaacha waliomshika. "Mama Aba ni wewe? Umekuja kunizikia kaka yangu?"

Akamkumbatia kwa uzito wake wote. Alilia kwenye bega la Nana Araba, akasema ana wapangaji nyumba nzima na hakuna aliyefika, hata mmoja, isipokuwa mama huyu wa juzi juzi. Asubuhi alipita pale, Aba akamwambia mama ametoka kuutazama mji. "Kumbe uko huku! Na mzigo mmeleta! Yule mwanao hakuniambia!" Akajifuta, akatazama chini. "Na hawa watoto wazuri?"

Nana Araba alifungua kinywa. Ebo akawahi. Alisimama wima, mikono ubavuni, akasema kwa sauti aliyofundishwa ili isikike vizuri:

"Sisi sio watoto wa Aba! Hatukai kwake!"

Maame Konadu akaacha kujifuta.

"Nani amemtaja Aba?" aliuliza Maame Konadu polepole.

Ebo akamtazama Nana yake. Hili hakufundishwa.

Hapo hapo Fiifi, aliyekuwa ameteremka mgongoni na tumboni ana bilauri mbili, akaona mezani kitu anachokijua.

"Poti langu!"

Akakimbia. Hakuna aliyemzuia, kwani nani atamzuia mtoto msibani? Alilivuta kutoka katikati ya vitenge na manukato, akaliweka chini mbele ya watu wote, akashusha suruali, akakaa. Akaweka mikono magotini kama chifu. Safari hii haikurudi. Watu waliokaa mbele waliisikia, na waliokaa nyuma waliona nyuso za waliokaa mbele.

Wote wakageuka kumtazama Okyeame Baffoe. Alipanua kifua. Akainua fimbo. Akafungua kinywa, akakifunga. Akakifungua tena.

Aliyeanza kucheka ni Opanin Wiafe. Alicheka bila sauti, mabega tu, mpaka machozi.

"Baffoe," alisema, na akasema mwenyewe, bila kupitisha kwa mtu. "Nimekaa na wewe tangu tuna nywele. Leo ndio naona umeishiwa." Akamgeukia Nana Araba. "Huyu bwana mdogo anaitwa nani?"

"Fiifi."

"Yaani Kofi, kwa huku kwetu. Aliyezaliwa Ijumaa."

"Ndiyo, mzee."

"Kama ndugu yangu aliye humo ndani." Akaacha kucheka, akamtazama Maame Konadu na wafiwa wote. "Mwaka mzima wa kuugua, Kofi Ampofo aliomba kitu kama hicho awekewe kando ya kitanda, asiwe anatambaa gizani kwenda uani. Kila mmoja akasema mwenzake atanunua. Leo mmemlaza juu ya kitanda cha shaba cha kukodi. Kumbe aliyemletea ni huyu."

Hakuna aliyeitikia eee.

Nana Araba aliona sasa ni wakati. Kama chumba kinakwenda, basi kiende mchana na watu wakiona. Akainuka, akakaza kitenge chake cha msiba.

"Okyeame, mwambie Maame Konadu. Hawa ni watoto wa Aba, nami ni bibi yao. Wanakaa kwake, katika kile chumba. Alizunguka mji akisema anao, kila mlango ukafungwa. Kwako akasema hana, ukafunguka. Leo nimewatoa kwenye mvua ili usiwaone, na nilivyobeba vilikuwa vya kuficha, siyo vya kuzika. Msimpigie kelele mtoto, kosa ni letu."

Watu wakangoja Okyeame ayapambe. Yeye akamtazama Maame Konadu, akashusha fimbo.

"Maame," alisema, "watoto hawa wanakaa kwako."

Akaishia hapo.

Maame Konadu alikuwa amevimba. "Aliniambia hana. Aliniangalia machoni akaniambia hana! Ningekuwa na ile kodi yake, Mungu ananisikia, ningemrudishia leo hii hii watoke!"

"Kodi iko wapi?" aliuliza Opanin Wiafe.

Midomo ya Maame Konadu, kabla hajaizuia, ilichongoka kuelekea mlango wa nyumba, ndani, kwenye kile kitanda cha shaba.

"Ahaa," alisema mzee. "Kumbe ni hawa waliomlaza kaka yako pazuri, nawe unataka uwatoe walale nje."

Mvua ikapiga turubai. Fiifi akasimama, akatazama alichofanya, akaridhika. Msichana akalichukua poti, akalisuuza kwenye maji ya mchirizi, akabaki amelishika hajui alipeleke wapi.

"Rudisha mezani," alisema Opanin Wiafe. "Kilichopokewa kimepokewa."

Maame Konadu akaketi kwa kishindo kando ya Ewurama. Akamtazama yule mtoto mwenye kilemba cha msiba na pengo mdomoni.

"Nawe," alisema, "unachora?"

"Bata tu," alisema Ewurama.

"Mbuzi?"

"Mbuzi siwezi. Miguu yake inanishinda."

Maame Konadu akavuta pumzi, akageuza uso. Mvua ilipokatika watu wakainuka kwenda makaburini.

* * *

Jioni Maame Konadu aliwarudisha kutoka msibani kwa gari lake. Nana Araba alikaa nyuma na watoto mapajani, mfuko mtupu miguuni, anahesabu kichwani vitu vya kufungasha na jamaa wa Saltpond wenye chumba cha ziada. Hakumaliza hesabu. Gari lilikata kona moja tu, likasimama. Siku nzima ya kupotea, na msiba ulikuwa nyuma ya nyumba.

Aba alikuwa mlangoni, ameshika tambara. Ukuta ulimetameta nyuma yake. Alikuwa ameusugua kutwa. Aliona gari la mwenye nyumba likifunguka na watoto wake wakishuka mmoja baada ya mwingine, na kinywa chake kikafanya kile kilichokuwa kimejifunza kukifanya.

"Mama! Hao watoto umewatoa wapi?"

"Za leo, anti," alisema Ebo.

Ewurama alimtazama mama yake, akamtazama Nana. Lakini Fiifi hakuwa amefundishwa lolote isipokuwa poti. "Mama!" alipiga kelele, akakimbia na matope yake yote, akamshika mguu. Aba alisimama amenyanyua mikono juu, kama mtu aliyeingia majini, haishushi, hamgusi mwanawe, macho yako kwa Maame Konadu.

Maame Konadu alikuja hadi kizingitini. Aliuangalia ukuta wake kutoka pembe hii hadi ile.

"Hawa ni wa ukoo wetu," alisema. "Wametoka kunizikia kaka yangu. Nimekuletea, wakae humu."

Aba hakuelewa. Mikono bado ilikuwa juu.

"Hujasikia? Wakae humu, wewe ndiye utakayewalea. Na wamelowa, unangoja nini? Huyu wa katikati achore ukuta wa uani, bata tu. Nikikuta mbuzi, mtahama." Akavuta kitambaa chekundu kipajini, akageuka. Kisha akageuka tena. "Tena na wewe. Uongo mwingine ukiwa nao, uniambie sasa hivi wakati nimechoka."

"Sina," alisema Aba.

Gari lilipoondoka ndipo mikono iliposhuka. Iliwashukia wote watatu kwa pamoja, na Aba akakaa chini pale pale kwenye sakafu aliyoing'arisha, matope yakamjaa hadi shingoni.

"Mama," alisema Fiifi kutoka chini ya kwapa lake. "Poti."

Aba akanyoosha mkono, akauvuta mfuko, akaupekua. Akaukung'uta.

"Mama, poti liko wapi?"

Nana Araba alikuwa ameshavua kile kitenge na kukitundika dirishani kikauke.

"Limezikwa."

"Limefanywaje?"

"Limezikwa, mwanangu," alisema Nana Araba, "na watu wamelia."